Stopu ya tatu kwa Hilux ya zamani: taa chukua, vibanio tupa

Ndani ya boksi mna taa nyembamba ya LED ya sentimita 35 hivi, waya mbili fupi, skrubu mbili, gundi ya pande mbili na vibanio viwili vya bluu vya kung'ata waya. Hakuna jina la kiwanda la maana. Ndiyo "stopu ya tatu", yaani taa ya breki ya tatu, inayouzwa kwenye duka za piesi za mtaa wa Birere, Goma, na wenye Hilux za miaka ya 1980 wanainunua kwa sababu nzuri: gari zao hazikutoka nayo. Hata Marekani, magari madogo yalilazimishwa kuwa nayo tangu modeli za 1986, pikapu zikasubiri hadi 1994. Na pikapu ya Goma ikishapakia magunia ya makaa yanayoning'inia juu ya mlango wa nyuma, stopu mbili za chini huonekana na nani? Mwenye pikipiki anayekufuata anaona gunia tu.

Taa yenyewe ni nzuri kwa bei yake. Mwanga ni mwekundu wa kweli, unaonekana mchana wa jua kali, na umeme inaokula ni kidogo sana ukilinganisha na ampuli (balbu) ya wati 21, ambayo peke yake huvuta karibu ampea 1.75. Swichi ya breki wala haitajua kwamba kuna mzigo ulioongezwa.

Shida ni hivyo vingine. Kibanio cha bluu kimetengenezwa kwa waya wa milimita mraba 1.5 hadi 2.5. Waya wa stopu wa Hilux mara nyingi ni mwembamba kuliko hapo, kwa hiyo meno yake hayaushiki sawasawa, au yanakata nyuzi kadhaa za shaba. Kifunge chini ya karoseri ya mizigo, kiache kwenye mvua na vumbi la mawe ya volkano, shaba itaota kutu ya kijani na taa itaanza kuwaka siku inayotaka. Gundi nayo huachia kioo kikipata joto. Waya wa boksi ni mwembamba mno: fizibu (fyuzi) ya stopu ni ya ampea 10 au 15, na waya huo ukigusa bati unaweza kuungua kabla fizibu haijakatika.

Basi nunua pia mita 4 za waya wa milimita mraba 1, kifuko cha fizibu chenye fizibu ya ampea 2 au 3, na kichwa cha pete cha masi, yaani waya unaorudisha umeme kwenye bati la gari. Fundi wengi hukimbilia kuchukua umeme kwenye taa ya nyuma. Usikubali. Chukua kwenye swichi iliyo juu ya pedali ya breki, mahali pakavu. Ina waya mbili: mmoja una umeme saa zote, mwingine hupata umeme pedali ikikanyagwa tu. Huo wa pili ndio wako. Usiamini rangi, maana gari hizi zimepita mikono mingi. Pima kwa taa ya kupimia, kanyaga, achia, kanyaga tena. Ukiunga kwenye ule wa kwanza, stopu italala inawaka hadi batri iishe.

Fizibu ndogo ikae karibu na kiungo hicho. Waya upite chini ya zulia pembeni mwa mlango, upande na nguzo, utokee juu ya kioo cha nyuma. Masi ifungwe kwenye bati la kabini lililokwaruzwa rangi hadi ling'ae, kisha lipakwe grisi. Isifungwe kamwe kwenye karoseri ya mizigo: boliti zake zimeshika kutu na mara nyingi masi yake ni ya kubahatisha. Haiwaki kabisa? Geuza waya mbili kwanza, LED haiwaki waya zake zikigeuzwa.

Kuna dalili moja inayochanganya hata mafundi: unawasha taa za usiku, hujagusa breki, na stopu mpya inawaka. Taa haina kosa. Masi ya taa za nyuma imekatika, umeme unaingia kwenye uzi wa wati 5 wa taa ya usiku, unarudi kupitia uzi wa wati 21 wa stopu ndani ya ampuli ileile, unapanda hadi juu ambako masi ni nzima. Tengeneza masi ya nyuma, itaacha.

Kwa Canter na gari nyingine za volti 24, soma boksi kabla ya kulipa. Zilizoandikwa 12 V tu ziache dukani, na zile zinazowakawaka pia ziache.