Laptop ya inchi 11 yenye hifadhi ya GB 64: miezi kumi nikiitumia Dodoma

Laptop hii niliinunua ikiwa imekwisha kutumika, katika duka moja lililo karibu na Soko la Majengo, kwa shilingi 320,000. Ina RAM (kumbukumbu ya kazi zinazoendelea) ya GB 4, hifadhi ya GB 64 na mfumo endeshi wa Windows 11. Kazi yangu kubwa ni kuandaa mihtasari ya vikao na taarifa za kikundi chetu cha kuweka na kukopa, hivyo nilitafuta kitu kinachoingia kwenye mkoba, kinachokaa na chaji na kinachofungua kivinjari, yaani programu ya kusomea tovuti, bila kuninung'unikia. Kwa mkoba na chaji sina malalamiko. Haina feni, na kwa mtu anayeishi na vumbi la Dodoma wakati wa kiangazi hiyo ni nafuu, kwa kuwa hakuna tundu la kulivuta ndani.

Shida yake ni nafasi. Zile GB 64 za kwenye kibandiko huonekana kama GB 58 tu kwenye Windows, kwa sababu mtengenezaji huhesabu kwa 1,000 na Windows huhesabu kwa 1,024, na tena sehemu kidogo imetengwa kwa ajili ya kurejesha mfumo. Siku ya kwanza nilikuta zimebaki GB 27. Muuzaji alikuwa amenihakikishia kwamba nitaongeza baadaye, lakini fundi aliponifungulia mfuniko wa chini alinionyesha kwa ncha ya bisibisi kipande cheusi, kidogo kuliko ukucha wa kidole gumba, kilichochomelewa kwenye bodi. Hicho ndicho hifadhi yote, huitwa eMMC. "Hii mama haina kuchomoa," alisema. "Ndiyo hiyo hiyo mpaka mwisho."

Baada ya miezi mitatu zilibaki chini ya GB 2, na jioni moja, nikiwa nimekwisha kuandika kurasa tisa za muhtasari, programu ikakataa kuhifadhi. Nilikuwa nikiulaumu mfumo endeshi, kumbe mlaji mkubwa alikuwa mkono wangu mwenyewe ndani ya kivinjari. Kila nilipotaka kuisoma taarifa ya fedha niliyotumiwa, niliibofya, nayo ikapakuliwa upya: faili moja lilikuwa na nakala saba, ya mwisho ikiwa na namba (6) pembeni ya jina. Video za semina nazo zilikuwa zimelala humo tangu Pasaka.

Dawa yake ilikuwa kadi ndogo ya kumbukumbu, ya aina ile ile ya simu, niliyoichomeka ubavuni na kuiacha humo moja kwa moja. Katika mipangilio ya kivinjari, kwenye sehemu ya vipakuliwa, nilibadilisha folda iwe ya kwenye kadi, kisha nikawasha chaguo la kuulizwa kila mara faili lihifadhiwe wapi. Swali hilo hukera kwa wiki ya kwanza, lakini linakupa nafasi ya kujiuliza kama faili hilo huna tayari. Kadi ni ya polepole kuliko hifadhi ya ndani na inaweza kufa bila taarifa, kwa hiyo mihtasari iliyokwisha kusainiwa huiweka pia mtandaoni. Akaunti ya Google hutoa GB 15 bila malipo, zikigawanywa kati ya barua pepe, picha na faili, na OneDrive ya Microsoft hutoa GB 5.

Kuhusu kache ninatofautiana na ushauri unaotolewa sana mitaani, kwamba uifute kila siku. Kache ni picha na vipande vya kurasa ambavyo kivinjari kimeviweka ili kisivipakue tena. Ukivifuta leo, kesho unavinunua upya kwa bando lako. Mimi hufungua orodha ya tovuti zilizohifadhi data, nikaondoa moja moja zile kubwa ambazo sizitembelei tena, na nyingine naziacha. Kilichonipa nafuu kubwa zaidi ni kusafisha mabaki ya Windows: baada ya toleo jipya kuingia, toleo la zamani hubaki kwenye folda ya Windows.old kwa siku kumi hivi, na ukiwa na uhakika kwamba jipya linafanya kazi vizuri, unaweza kulifuta mapema kupitia sehemu ya hifadhi kwenye mipangilio.

RAM ya GB 4 hutosha vichupo vitano au sita, yaani kurasa zilizofunguliwa kwa pamoja kwenye kivinjari. Vivinjari vya Chrome na Edge vyote vina uwezo wa kulaza vichupo visivyotumika ili visile RAM, nami nimeuwasha, ila ujue kwamba kichupo kikiamshwa huweza kupakiwa upya, na hapo unahitaji mtandao. Nililijua hilo ndani ya treni ya SGR nikielekea Dar es Salaam: nilirudi kwenye kichupo cha mwongozo niliokuwa nikiusoma wakati ule ule tulipoingia kwenye mahandaki ya upande wa Kilosa, nikakutana na ukurasa mweupe. Tangu hapo, kila ninachotaka kusoma safarini hukihifadhi kama PDF kwenye kadi kabla ya kufika stesheni. Tovuti usizotaka zilazwe unaweza kuziorodhesha kwenye mipangilio hiyo hiyo.

Kwa bei niliyolipa, na kwa kazi za maandishi, ningeinunua tena. Yenye GB 32 nisingeichukua hata kwa nusu ya bei hiyo: Windows 10 iliacha kupewa masasisho ya kawaida ya bure tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai hifadhi isiyopungua GB 64, kwa hiyo ukiikuta kwenye mashine ya GB 32 fahamu imepitishwa njia za panya. Hata hii ya GB 64, kabla hujatoa pesa, mwombe muuzaji aiwashe mbele yako, afungue mipangilio kwenye sehemu ya hifadhi, nawe usome mwenyewe nafasi iliyobaki. Ikiwa haifiki GB 20, na yeye anasema ni mpya na haina kitu ndani, mwambie ashushe bei au umrudishie laptop yake.