Thunder in the East ya Loudness: ununue toleo lipi?

Wapenzi wa hevi metali ya Japani wakianza kubishana hawamalizi, lakini kuna albamu moja ambayo haikosekani kwenye ubishi wao: Thunder in the East, iliyotoka 1985. Loudness ilizaliwa Osaka mwaka 1981, baada ya bendi ya Lazy kuvunjika na wawili wa humo, mpiga gitaa Akira Takasaki na mpiga ngoma Munetaka Higuchi, kuamua kupiga muziki mzito kweli. Walimchukua Minoru Niihara kwenye kuimba na Masayoshi Yamashita kwenye besi. Kwa albamu hii walikwenda kurekodi Los Angeles chini ya Max Norman, aliyekwisha fanya kazi na Ozzy Osbourne. Marekani ilitolewa na kampuni ya Atco, Japani na Nippon Columbia, na kwenye chati ya albamu ya Billboard, ya Marekani, ilifika nafasi ya 74.

Leo inauzwa kwa sura nyingi, na bei zimeachana mno. Mimi napanga kwa kigezo kimoja: ngoma za Higuchi zinasikikaje. Ukisikia teke la ngoma kubwa likiwa kavu, na gitaa la Takasaki limekaa pembeni yake bila kulifunika, umepata nakala nzuri. Jipime kwa sekunde za mwanzo za Crazy Nights, gitaa linapotembea taratibu kama mtu anayejua kwamba hakuna wa kumzuia, kisha kwa pale umati unapoitikia "M! Z! A!". Kwenye nakala mbovu, kitikio hicho hugeuka kelele tupu.

Namba moja: CD ya Kijapani ya mtumba. Hili ndilo chaguo langu kwa mtu wa kawaida. CD za Nippon Columbia za zamani zina sauti yenye nafasi. Tofauti ya pale palipo kimya na palipo na kishindo haijabanwa, tofauti na ilivyo desturi ya matoleo mengi yaliyosafishwa upya miaka ya baadaye. Heavy Chains inaanza kwa upole kabla ya kulipuka, na mlipuko hauna maana kama upole wenyewe umeshapandishwa sauti.

Tazama obi, ule ukanda wa karatasi unaovishwa ubavuni. CD nyingi za Kijapani za miaka ya 80 zilibeba bei ndani ya namba ya toleo: ikianza na 35, iliuzwa yeni 3,500. Obi ikitaja bei pamoja na kodi, hiyo CD haikuchapwa kabla ya Aprili 1989, kwa sababu kodi ya mauzo ya Japani ilianza mwezi huo. Muuzaji akikwambia "toleo la kwanza" na obi inataja kodi, mpunguzie maneno na yeye akupunguzie bei. Mwombe pia picha ya upande wa chini wa diski. Ukiona rangi ya kijani au zambarau, kuna uwezekano mkubwa kwamba hiyo imechomwa kwenye kompyuta ya mtu.

Namba mbili: santuri ya Kijapani. Kwa mwenye mashine ya kuchezea santuri iliyo nzima, hii inaweza kupanda juu. Nyimbo ziko 10, tano kila upande, kwa hiyo mistari haikubanana. Santuri za Japani zinasifika kwa utulivu, husikii ule mchakacho kati ya wimbo na wimbo. Na kava lenye miale ya jua, kwa ukubwa ule, ni kitu cha kutundika ukutani (ingawa miale hiyo inawakera watu wengi wa Korea na China kwa sababu za kihistoria, ni vizuri kulijua hilo kabla hujatundika).

Kagua mikwaruzo myembamba kuzunguka tundu la katikati: ikiwa mingi, imechezwa sana, hata kama uso unang'aa. Bila obi bei inashuka, muziki ni uleule. Mwambie muuzaji aitoe santuri ndani ya kava kabla ya kufunga mzigo, la sivyo itapasua kingo za kava njiani.

Namba tatu: santuri ya Atco. Nafuu, na kwa bei yake siilalamikii. Nyingi utakuta kava limekatwa pembe au kutobolewa, alama ya bidhaa iliyoteremshwa bei dukani. Hilo halidhuru sauti hata kidogo, litumie kupatana.

Namba nne: toleo la miaka 30, la 2015. Ni boksi lenye DVD ndani, la shabiki aliyekwisha kuwa na albamu. DVD hufungwa kwa kanda, yaani maeneo ya dunia: za Japani ni za kanda ya 2, na Afrika Mashariki tuko kanda ya 5. Deki yako isiyofungua kanda zote itazigomea. Na gharama ya usafiri wa boksi zito, pamoja na ushuru, inaweza kununua CD nyingine kadhaa.

Kaseti naiweka mwisho. Kile kipande cha sponji kinachobana tepu huoza, na sauti inafifia. Nunua kama unapenda kaseti zenyewe.

Kusikiliza mtandaoni sijaipa namba, maana hapo hununui kitu. Ila anzia huko kabla ya kutoa hela. Usiishie Crazy Nights. Nenda hadi Like Hell na Clockwork Toy, usikilize vidole vya Takasaki vikigonga nyuzi kwa mikono yote miwili.

Kuna mashabiki watakaokwambia hii ni Loudness iliyolainishwa kwa ajili ya Wamarekani, na kwamba bendi ya kweli iko kwenye The Law of Devil's Land ya 1983. Nusu wana haki: Niihara anaimba kwa Kiingereza hapa, na unasikia anavyochunga ulimi. Ukibakiwa na hela, chukua Disillusion ya 1984. Iko ya Kiingereza na ya Kijapani. Chukua ya Kijapani.