Matembezi ya Belfast: waongozaji wawili, hadithi mbili

Nimeishi Uingereza miaka kadhaa na kila mara nilipowauliza watu kuhusu IRA, kundi la silaha lililopigana ili Ireland Kaskazini itoke Uingereza na kuungana na Ireland, walibadilisha mazungumzo. Mwezi uliopita nikaamua kwenda mwenyewe Belfast, mji mkuu wa Ireland Kaskazini, nikalipia matembezi ya miguu ya saa tatu. Nusu ya kwanza, mtaa wa Falls wa Wakatoliki, unaongozwa na mtu aliyefungwa kwa ajili ya IRA. Nusu ya pili, mtaa wa Shankill wa Waprotestanti, unaongozwa na mfungwa wa zamani wa upande uliopigana nao, wanaotaka kubaki chini ya Uingereza. Nimewapa nyota nne kati ya tano.

Tulianzia chini ya Divis, jengo la ghorofa ambalo juu yake jeshi la Uingereza liliweka kituo cha kuchungulia mtaa mzima. Mwongozaji aliuliza kila mtu ametoka wapi. Niliposema Kenya, akajibu papo hapo: "Basi Kitson tunamjua sote." Nilisisimka. Frank Kitson ndiye yule afisa aliyetumia vikosi bandia dhidi ya Mau Mau, akiwageuza wapiganaji waliokamatwa wawawinde wenzao msituni, na mwaka 1970 akaja kuongoza brigedi iliyosimamia Belfast. Kwetu Nyeri wazee bado wanabishana kama uhuru uliletwa na msitu au na meza ya mazungumzo ya Lancaster House, London, kwa hiyo nilijua nimefika mahali ambapo maneno yana uzito.

Alitupeleka Bombay Street, nyuma ya kanisa la Clonard. Agosti 1969 umati ulichoma nyumba za Wakatoliki hapa, na kutokana na hasira ya siku zile ndipo IRA mpya ilipozaliwa. Nyumba zimejengwa upya, zinaegemeana na ukuta wa amani unaotenganisha Falls na Shankill, na nyua zake za nyuma zimefunikwa kwa wavu wa chuma juu kama kizimba cha kuku, ili mawe yanayorushwa kutoka ng'ambo yasiwaangukie watoto. Nilisimama pale muda mrefu nikitazama nguo zilizoanikwa chini ya wavu ule. Vita viliisha, wavu upo.

Hoja yake ilikuwa wazi. Bila bunduki, alisema, hakuna ambaye angekaa nao mezani. Alieleza mgomo wa kula wa 1981, wafungwa kumi waliokufa, Bobby Sands akiwa wa kwanza baada ya siku 66, huku tayari amechaguliwa mbunge kutoka kitandani gerezani. Kutoka pale, kwa maelezo yake, njia ilinyooka hadi Mapatano ya Ijumaa Kuu ya 1998 yaliyomaliza vita, na hadi Februari 2024, Michelle O'Neill wa Sinn Féin, chama kilichohusishwa na IRA, alipokuwa Waziri wa Kwanza wa Ireland Kaskazini, nchi ndogo iliyochorwa ili watu kama yeye wasiwe wengi. Mama mmoja katika kundi letu akamuuliza: na Ireland moja iko wapi? Alinyamaza kidogo, kisha akasema kura ya maoni itakuja.

Langoni, kwenye ukuta, tulikabidhiwa kwa mwongozaji wa pili. Wawili hao walipeana mkono haraka bila kuzungumza. Watu wanne wa kundi letu waliondoka hapo hapo, wakidhani wameshapata walichofuata. Walikosa nusu ya kitu.

Mwongozaji wa Shankill alitusimamisha palipokuwa na duka la samaki la Frizzell. Jumamosi, 23 Oktoba 1993, bomu la IRA liliua watu tisa humo pamoja na mmoja wa waliolileta. Lilikusudiwa viongozi wa wanamgambo wa Kiprotestanti waliosemekana kukutana ghorofani. Chumba kilikuwa kitupu. Miongoni mwa waliokufa ni msichana wa miaka saba. Alisema taratibu, bila kupaza sauti: "Walipigana karibu miaka thelathini kuwatoa Waingereza. Bendera ya Uingereza ile pale. Leo wanahudumu katika serikali waliyoapa kuibomoa. Kwetu huko ni kushindwa." Na hakujificha kuhusu upande wake: alikiri kwamba wenzake waliua Wakatoliki waliokuwa wanatoka kazini tu.

Kesho yake asubuhi, mwenye nyumba ya wageni, mama mtu mzima, alinimiminia chai akanipa hadithi ya tatu ambayo waongozaji wote wawili waliiruka. Yeye alikuwa wa chama cha John Hume, mwanasiasa Mkatoliki, kilichodai haki bila silaha. Serikali ya Wakatoliki na Waprotestanti kugawana madaraka, alisema, ilikubaliwa kwenye mazungumzo ya Sunningdale, Uingereza, tangu 1973, ikaangushwa na mgomo wa Waprotestanti mwaka uliofuata huku IRA nayo ikiipinga. Seamus Mallon wa chama hicho aliyaita mapatano ya 1998 Sunningdale ya wanafunzi wazito kuelewa. "Hesabu waliokufa katikati," mama akaniambia. Vita vile viliua zaidi ya watu 3,500, na zaidi ya 1,700 kati yao waliuawa na IRA.

Nyota ya tano nimeizuia kwa sababu moja. Tulikaa chini ya Divis karibu dakika ishirini bila Jean McConville kutajwa. Alikuwa mjane mwenye watoto kumi, akachukuliwa na IRA nyumbani kwake katika majengo hayo Desemba 1972, akazikwa kwa siri. Mwili ulipatikana pwani ya Louth, Jamhuri ya Ireland, mwaka 2003. Nilipomuuliza mwongozaji wa kwanza alijibu kwa upole kwamba lilikuwa jambo baya, akaendelea kutembea. Nilitaka asimame.

Ukienda, hakikisha unalipia nusu zote mbili, maana wapo wanaouza moja tu. Beba koti la mvua, na maswali yako ya Falls yaulize kabla ya lango, kwa sababu mwongozaji wa kwanza havuki.