Tower Bridge nyota tano, mtembeza watalii nyota moja

Tiketi iliahidi tutaliona daraja hili la London likifunguka kupitisha meli. Tulifika mabawa, yaani zile nusu mbili za barabara zinazoinuka, yameshashuka na magari yakipita. Mtembeza wetu, kijana wa Kiswahili safi kabisa, akasema eti "daraja halina saa."

Halina saa? Chombo chenye mlingoti wa futi 30 au zaidi lazima kitoe taarifa angalau saa 24 kabla. Ndiyo maana ratiba huwekwa mapema kwenye tovuti ya daraja: saa, jina la chombo, na kama kinapanda mto au kinashuka. Meli haitozwi hata senti; sisi tulitozwa, tena si kidogo.

Kilichonichefua zaidi ni mama mmoja mtu mzima aliyeuliza kwa upole, "Samahani mwanangu, chuma chote hicho kinainuliwaje?" Akajibiwa bila hata kutazamwa: "Mvuke, mama, twende."

Mvuke uliachwa mwaka 1976! Na hata enzi zake haukuinua bawa moja kwa moja: ulisukuma maji, maji yakahifadhiwa kwa shinikizo, ndiyo yakazungusha mashine. Siku hizi ni umeme na mafuta ya haidroliki, yaani yanayosukumwa kwa shinikizo. Kila bawa lina tani zaidi ya 1,000, ila mkia wake umewekewa uzito wa kulisawazisha. Ncha ikipanda, mkia unazama kwenye chumba kilichofichwa ndani ya nguzo, kwa hiyo mashine hazibebi mzigo wote. Sentensi tatu tu, kijana, na yule mama angeondoka ameridhika.

Labda namwonea, foleni za London kila mtu anazijua. Na chumba cha mashine za zamani alitupeleka, tena ni kizuri mno, nikataka kumpa nyota tatu. Kisha akaanza kupiga makofi tutoke. Moja inamtosha.

Nendeni wenyewe. Angalieni ratiba asubuhi ya siku hiyohiyo na mchague meli kubwa, kwa sababu mabawa hupanda kulingana na chombo: mwisho ni nyuzi 86, lakini mashua ya tanga haipewi zote. Wahini robo saa kabla, simameni kwenye bustani ya Potters Fields, ng'ambo ya kusini ya mto, na macho yawe katikati ya daraja. Makomeo yanayofunga ncha za mabawa huchomoka kwanza, halafu ndipo ufa wa mwanga unatokea kati ya ncha mbili. Ukichelewa hapo, umekosa sehemu tamu kuliko zote.