Diski za breki kwa gari lenye kasi: ipi inunuliwe kwanza, ipi iachwe

Wengi tukitafuta diski mpya tunaanza na macho. Tunaona matundu, tunaona mifereji, tunaona kofia (ile sehemu ya katikati ya diski) ya rangi ya dhahabu, na moyo umeshaamua kabla hata hatujauliza kipenyo. Nami niliwahi kununua hivyo, nitaeleza kilichonipata. Kwanza tuelewane juu ya kitu chenyewe kinachonunuliwa. Breki huugeuza mwendo kuwa joto, na joto hilo lazima lipate pa kukaa. Pa kukaa ni diski.

Chukua gari la kilo 1,600 linalokimbia kilomita 100 kwa saa. Kulisimamisha kunazaa joto la kilojuli 600 na ushei, ambalo lingeweza kuchemsha karibu lita mbili za maji. Likiwa kilomita 200 kwa saa, mwendo umekuwa mara mbili lakini joto limekuwa mara nne. Breki za mbele hubeba sehemu kubwa ya kazi hiyo, tuseme asilimia 70. Diski moja ya mbele yenye kilo 10 itapanda karibu nyuzi 50 za Selsiasi kwa kusimama mara moja kutoka 100, na karibu nyuzi 190 kutoka 200, kabla upepo haujaanza kuipoza. Rudia hivyo kona kumi mfululizo uone inafika wapi. Unalipia uzito wa chuma na njia za hewa zilizo ndani yake. Urembo wa juu unakuja nyuma kabisa.

Jambo lingine lisemwe mapema. Kama ukikanyaga breki kwa nguvu mara ya kwanza ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge) inaamka, basi matairi yako yameshafika mwisho wa kushika barabara. Hakuna diski itakayolisimamisha gari hilo kwa umbali mfupi zaidi katika kanyago hilo la kwanza. Diski nzuri unaihisi katika kanyago la nane, la kumi, wakati diski dhaifu imeshaelemewa na joto na kanyagio limeanza kulegea mguuni.

Kabla ya kununua, hakikisha diski ndiyo mgonjwa

Usukani ukitetemeka wakati wa kufunga breki, jibu la haraka ni kwamba diski zimepinda. Mara nyingi sana hazijapinda. Kilichotokea ni kwamba uso wa diski haulingani unene pande zote, na tofauti ya milimita 0.02 tu inatosha kuusikia mtetemo mikononi.

Tofauti hiyo ina vyanzo viwili vikubwa. Cha kwanza ni nyama ya pedi, kile kipande kinachoibana diski, kugandia sehemu moja, hasa ukisimama na kuendelea kukandamiza breki wakati diski bado inawaka. Pedi inaacha alama yake pale pale. Doa hilo linapata joto kuliko majirani zake, na likiendelea hivyo chuma chake hubadilika kuwa kigumu kwa kina. Ukishafika hapo, kuichonga diski hakusaidii sana, kwa sababu ugumu ule uko chini ya uso pia.

Chanzo cha pili kinanisikitisha zaidi kwa sababu kinazuilika kwa dakika kumi: kutu kwenye habu, kile kitovu ambacho diski na gurudumu hufungwa juu yake. Gamba jembamba la kutu likibaki kati ya habu na diski mpya, diski inakaa upande. Diski ni pana kuliko habu, kwa hiyo kosa dogo la katikati linakua kabla ya kufika ukingoni. Nilishawahi kusimama kando ya gari lililokuwa linatetemeka na diski zina wiki chache tu. Tulifunga geji ya mshale kwenye nguzo ya shokomzoba, ncha yake ikagusa uso wa diski, tukaizungusha polepole kwa mkono. Mshale ukatembea zaidi ya milimita 0.1. Tukaitoa diski, tukasugua habu kwa brashi ya waya mpaka chuma kikang'aa, tukairudisha ile ile. Mshale haukufika 0.04. Watengenezaji wengi hutaka kuyumba huko kusizidi takriban 0.05, lakini namba ya gari lako iko kwenye kitabu chake cha ufundi. Mwenye gari alikuwa ameshaandaa fedha za jozi nyingine.

Kama unene umeshuka chini ya kiwango, hapo hakuna mjadala. Diski nyingi zimegongwa namba ya unene wa chini kabisa kwenye kofia au ukingoni. Iliyozaliwa na milimita 28 yaweza kuruhusiwa ishuke hadi 26 hivi. Pima kwa maikromita sehemu kadhaa, maana kaliba ya kawaida hukaa juu ya ule ukuta wa kutu ukingoni na kukudanganya.

Nafasi ya kwanza: diski laini ya chuma chenye kaboni nyingi

Hii ndiyo ningemnunulia ndugu yangu bila kusita. Uso wake hauna tundu wala mfereji, katikati ina njia za hewa, na chuma chake cha kusubu kimeongezwa kaboni. Kaboni hiyo hukaa ndani ya chuma kama vipande vidogo vya grafiti vinavyosambaza joto haraka na kumeza mtetemo, ndiyo maana diski hizi hazipigi kelele sana. Uzito wote upo, hakuna kilichotobolewa.

Sura yake haina mvuto, nakubali. Lakini kwa gari la barabarani lenye nguvu, hata linaloingia uwanja wa mbio mara chache kwa mwaka, ndiyo inayokupa kazi nyingi kwa fedha kidogo. Kinachobaki mfukoni kitie kwenye pedi zinazohimili joto na mafuta mapya ya breki. Mafuta ya breki ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya lazima yahimili angalau nyuzi 230 kabla ya kuchemka. Yakishanyonya unyevu, kiwango kinachotakiwa ni 155 tu. Kanyagio linalozama hadi sakafuni breki zikiwa moto kwa kawaida ni mafuta yaliyochemka, na diski ya bei kubwa haitakuokoa hapo.

Angalia mbavu za ndani, zile kuta zinazotenga njia za hewa, kabla ya kulipa. Kama zimepinda, diski ina upande wake wa kulia na wa kushoto. Ikiwa imefungwa, tazama sehemu ya juu: mbavu zikitoka katikati kwenda ukingoni zilalie nyuma ya gari, ili gurudumu likizunguka hewa irushwe nje. Ukikuta diski zenye mbavu zilizopinda zinauzwa kwa namba moja kwa pande zote mbili, ujue upande mmoja utapata upepo pungufu. Na kama una mizani karibu, pima. Diski mbili za kipimo kimoja zikipishana uzito, nyepesi ina chuma kidogo cha kumeza joto.

Nafasi ya pili: yenye mifereji

Mifereji hukwangua uso wa pedi kila mzunguko, ikiondoa vumbi na ile ngozi inayong'aa inayojengeka joto likizidi. Mguu unaona tofauti: pedi inauma vilevile mwisho wa zamu kama mwanzo. Hasara yake ni mlio mdogo wa kunguruma ukifunga breki kwa kasi, na pedi zinakwisha mapema. Anayekwenda uwanjani kila mwezi, kwake hii inapanda hadi nafasi ya kwanza. Chagua ambayo mfereji unaishia kabla ya ukingo, kwa sababu mfereji uliokatiza hadi nje huupa ufa mlango. Na uelekeo wa mifereji haukuambii diski ni ya upande gani. Mbavu za ndani ndizo zinazoamua.

Nafasi ya tatu: ya vipande viwili

Hapa pete ya chuma imeshikwa na kofia ya alumini kwa pini zinazoiruhusu kutanuka. Diski ya kipande kimoja ikipata joto kali, pete inataka kutanuka huku kofia ikiishikilia, mwishowe inakunjama kidogo kama sahani. Ya vipande viwili haina ugomvi huo, na uzito unaopungua ni ule usiobebwa na springi, kwa hiyo gurudumu linafuata barabara vizuri zaidi. Pete ikiisha unabadilisha pete peke yake.

Mbona basi ni ya tatu? Kwa sababu bei inaruka sana, pini hulegea na kugongagonga, na mtu wa barabarani hafikii joto linalohitaji utanukaji huo. Ukinunua, hakikisha kwanza pete za akiba zinapatikana zenyewe. Bila hivyo faida yake kubwa imekufa.

Nafasi ya nne: ya matundu

Porsche huyafunga magari yake mengi diski za matundu kutoka kiwandani, kwa hiyo siwezi kusema ni takataka. Matundu hukata utando wa maji wakati wa mvua, na breki inashika mapema. Zamani yalisaidia pia kutoa gesi iliyotoka kwenye pedi, shida ambayo pedi za leo zinayo kidogo sana. Lakini kila tundu ni chuma kilichoondoka, na ni mahali ambapo ufa unaweza kuanzia. Kama gari lako lilikuja nazo, rudisha za ubora ule ule. Kama halikuja nazo, sioni sababu ya kuziweka.

Jozi yangu ilikuwa na matundu na mifereji pamoja, ya bei rahisi, imepakwa rangi nzuri. Siku ya tatu uwanjani nilipitisha ukucha juu ya uso wake ukanasa. Ufa ulikuwa umetoka tundu moja, umefika la pili, unaelekea la tatu. Upande wa pili wa gari hali ilikuwa hiyo hiyo. Aliyeniuzia aliniambia ni kawaida. Si kawaida. Vialama vyembamba vya joto visivyonasa ukucha unaweza kuendelea kuviangalia, lakini ufa unaounganisha matundu, au uliofika ukingoni, diski hiyo inatoka siku hiyo hiyo. Aina hii ya rahisi yenye vyote viwili naiweka chini kabisa, chini hata ya diski ya kawaida isiyo na jina.

Na za kauri?

Diski za kaboni na kauri nimeziacha nje ya safu kwa sababu si mbadala wa kawaida. Porsche ilizitoa kwenye 911 GT2 mwaka 2001, na uzito wake ni karibu nusu ya chuma. Hazipati kutu, na katika barabara ya kawaida huishi muda mrefu ajabu. Uwanjani ni habari nyingine: joto kali la muda mrefu hula nyuzi za kaboni polepole, na uchakavu wake hukaguliwa kwa uzito, si kwa unene peke yake. Gurudumu likigonga ukingo wakati wa kubadilisha tairi, kipande kinaweza kumeguka. Wenye magari haya wanaopenda mbio wengi huweka seti ya chuma kwa ajili ya uwanja na kuzihifadhi za kauri, na nadhani wako sahihi.

Siku ya kufunga

Badilisha mbili za ekseli moja kwa pamoja, na pedi mpya. Safisha mafuta ya kiwandani kwenye uso wa diski kwa dawa ya kusafishia breki. Sugua habu, nimeshasema, narudia. Kaza nati za gurudumu kwa mtindo wa nyota kwa spana ya kipimo (inayoonyesha nguvu ya kukaza), maana bunduki ya upepo inaweza kukaza bila usawa na kuipindisha diski iliyokuwa imekaa sawa.

Kisha tafuta barabara tupu. Punguza mwendo kutoka kilomita 100 hadi 20 kwa breki ya wastani, mara nane au kumi, bila kusimama kabisa, isipokuwa kama mtengenezaji wa pedi ametoa utaratibu wake. Utasikia harufu, usiogope. Halafu endesha dakika kadhaa bila kugusa breki mpaka kila kitu kipoe, na ukiegesha usivute breki ya mkono wakati bado ziko moto. Kesho yake chungulia kati ya spoki: uso wa diski uwe umeshika rangi moja ya kijivu kuzunguka kote. Ukiona mabaka, rudia zoezi kabla mabaka hayajawa mtetemo.