Steshenari za maombi ya vyuo, Mbeya na Iringa: walipe kwa skani, barua mwachie mhadhiri

Steshenari nyingi zilizo jirani na vyuo, kuanzia Iyunga na Mwanjelwa hapa Mbeya hadi Miyomboni na Kihesa kule Iringa, zinajitangaza kwa maombi ya shahada ya uzamili na ufadhili wa nje. Huduma zenyewe ni tatu, ingawa huuzwa kwa bei moja: kuskani vyeti, kujaza fomu mtandaoni, na "kushughulikia" barua za mapendekezo. Kwa ubora hazikaribiani hata kidogo.

Skani wanaiweza. Mashine ya mezani inatoa transkripti inayosomeka mpaka maandishi ya ndani ya mhuri, tofauti na picha ya simu yenye kivuli cha mkono. Waambie waweke dpi 300, kurasa zote ziwe PDF moja, na faili lipewe jina lako badala ya namba iliyotolewa na mashine.

Kujaza fomu kunafaa ukikaa pembeni ya anayejaza. Kosa la kila mara ni akaunti kufunguliwa kwa barua pepe ya duka ili kazi iende haraka. Nywila inabaki kwao, ujumbe wa chuo unaingia kwao, na wewe ukisharudi Makambako au Tukuyu huna njia ya kujua kama barua ya mhadhiri imefika. Tumia barua pepe yako, ifunguke kwenye simu yako. Majina yafuate pasipoti kwa mpangilio uleule, na mhadhiri naye apewe hayohayo.

Barua sasa. Hapa hatuwapendekezi kabisa. Kompyuta ya duka huwa na barua iliyokwisha andikwa: mwanafunzi ana bidii, nidhamu na ushirikiano mzuri. Aliyesoma uhandisi na aliyesoma ualimu wanapewa maneno yaleyale, linabadilishwa jina tu. Kamati ya udahili haipati chochote hapo. Inachotafuta ni mtu aliyekufundisha aseme ulikuwa wapi ukilinganishwa na wenzako, utafiti wako wa mwisho ulihusu nini, na ulipokwama ulifanyaje. Duka halijui hayo.

Kibaya zaidi ni pale duka linapofungua barua pepe kwa jina la mhadhiri na kulijibu lenyewe ombi la barua ambalo chuo humtumia mhadhiri. Huo ni udanganyifu. Mfumo unaweza kuhifadhi anwani ya kompyuta iliyotuma, na maombi na barua vikitoka kwenye mashine moja, swali litaulizwa. Ukigundulika hata baada ya kupokelewa, nafasi inaweza kufutwa.

Njia sahihi haina gharama. Mwandikie mhadhiri wiki 4 hadi 6 kabla ya tarehe ya mwisho ya maombi, ukikwepa kipindi cha kusahihisha mitihani. Ujumbe wa kwanza uwe mfupi: "Shikamoo Dokta. Nilimaliza Uhandisi wa Umeme 2021, na mradi wangu wa mwisho uliusimamia wewe. Naomba kujua kama utaweza kuniandikia barua yenye uzito kwa maombi ya uzamili. Kama nafasi haipo, nitaelewa." Sentensi hiyo ya mwisho usiifute. Mhadhiri asiyekukumbuka apate pa kutokea, kwa sababu barua ya kulazimisha huonekana.

Akikubali, mtumie kwa mkupuo mmoja transkripti, wasifu wa ukurasa mmoja, maelezo yako ya kuomba kozi, majina ya vyuo na tarehe za mwisho. Muulize anafungua barua pepe ipi. Inayoishia na .ac.tz inaaminika zaidi kuliko ya bure, lakini aliyestaafu huenda haifungui tena. Mwambie pia kwamba kiungo cha kutumia barua kitatoka kwa chuo chenyewe, maana mara nyingi huangukia kwenye kapu la taka.

Wengi watakujibu, "Andika mwenyewe, nitasaini." Usiende dukani na jibu hilo. Mpelekee pointi 5 au 6 zenye ushahidi: kozi aliyokufundisha, alama uliyopata, kifaa ulichotengeneza. Kisha umwombe kwa heshima aziandike kwa maneno yake.

Vyuo vya Marekani hukuuliza pia kama unaacha haki ya kuisoma barua hiyo baadaye, haki inayotokana na sheria yao ya 1974 ya kumbukumbu za wanafunzi. Wajazaji wa dukani hubofya bila kukuuliza. Sisi tunashauri uiache, kwa kuwa barua ya siri hupewa uzito zaidi.

Mkumbushe mhadhiri wiki 2 kabla, kisha siku 3 kabla. Duka likikwambia muda bado upo, hesabu mwenyewe kwa saa za chuo: saa 6 usiku ya London wakati wa baridi ni saa 9 usiku kwetu, na saa 5:59 usiku ya New York, majira hayohayo, ni saa 1:59 asubuhi ya siku inayofuata. Saa hizo steshenari imefungwa, na mhadhiri amelala au yuko njiani kwenda kazini.