Seti ya bei ya chini na ya bei ya juu: muuzaji alicheza na rimoti

Yule muuzaji aliongeza sauti. Naanzia hapo hapo, maana ndicho kilichoniharibia siku, na baada ya hapo kila kifaa mle ndani nilikitazama kwa shaka.

Nilikwenda kulinganisha seti mbili za muziki wa nyumbani, moja ya bei ya chini, nyingine ya bei ya kutisha. Akapiga wimbo kwenye ile ya chini, akakata, akahamia kwenye ile ya juu. Ikasikika tamu kweli: besi imejaa, mwimbaji kasogea mbele. Lakini sikuwa nimekaa kwenye kiti alichonipangia. Nilikuwa ubavuni, nikaona namba kwenye kioo cha amplifaya, kile kifaa kinachokuza sauti na kuipeleka kwenye spika, zikipanda huku kidole gumba chake kiko juu ya rimoti. Zilipanda kidogo tu, na kidogo hicho kinatosha kabisa.

Ukimwongezea mtu desibeli moja hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), hasemi umeongeza sauti. Anasema hii ni safi zaidi. Na besi ndiyo hufaidika kuliko vyote: tangu 1933 watafiti wa usikivu, Fletcher na Munson, walishaonyesha kwamba muziki ukiwa chini, sikio hupoteza noti nzito kupita zile za kati. Ndiyo maana wanaofanya majaribio haya kwa dhati hupima umeme kwenye waya za spika, wakasawazisha mpaka tofauti isizidi desibeli 0.1. Mtu anayeishi kwa kuuza spika analijua hili. Huyu alilijua vizuri mno.

Nikamwomba kwa adabu asawazishe. Akanijibu, mbele ya binti yangu: "Mzee wangu, masikio yaliyozoea spika ya simu hayawezi kuelewa vifaa hivi." Hata leo nikikumbuka damu inanichemka. Mteja anauliza swali la haki, anatukanwa masikio yake!

Alipoitwa na mteja mwingine, binti yangu akachukua rimoti, mimi nikageukia ukuta. Sauti tulisawazisha kwa programu ya simu, ambayo si kipimo cha maabara lakini ni ya kuaminika kuliko kidole cha yule bwana. Tukaanza na amplifaya, spika zikiwa zile zile. Sikuona tofauti yoyote, nilikuwa nabahatisha tu. Kwa sauti ya sebuleni, sioni kwa nini mtu atoe pesa zote zile kwa sanduku zito lenye vitufe vya kung'aa. Hapo nilishaamua kwamba bei ya juu ni wizi mtupu.

Halafu tukabadilisha spika. Nitasema ukweli ingawa unanikera: zile za bei ya juu nilizitambua mara moja, na mgongo nimezipa. Kulikuwa na mwanamke anaimba na gitaa moja. Kwenye spika ghali nilisikia anavyovuta pumzi kabla ya ubeti, na kucha inavyogusa uzi kabla noti haijatoka. Kwenye zile za chini pumzi na gitaa vilishikana, na besi ikawa inavuma juu ya kila kitu.

Lakini nilipogeuka nikaona zile za chini zimebanwa kwenye pembe ya chumba, ambako besi ya spika yoyote huvimba. Zile ghali zimepewa nafasi yake, mbali na kuta. Tukazivuta zile za chini mpaka katikati. Mvumo ukapungua sana, mwimbaji akasikika, na pengo lililokuwa kubwa likabaki dogo. Dogo, ila lipo. Ile pumzi bado ilikuwa wazi zaidi kule kwenye bei ya juu, na sitadanganya kwa sababu ya hasira.

Kwa hiyo spika ghali ni nzuri, nazisifu, na ningekuwa nazo nyumbani sasa hivi kama zingeuzwa na mtu mwingine. Kwa yule bwana sikununua hata waya. Ukienda kusikiliza popote, shika rimoti mwenyewe, na spika zilizo pembeni zivute kabla muuzaji hajaanza kupiga.